Kulima Robusta, Kichaka cha Misitu ya Uganda: Mwongozo kwa Anayeanza Ekari ya Kwanza

Mbuni wa robusta, yaani mti wa kahawa ya robusta, haukuletwa Uganda kutoka ng'ambo. Ni mmea wa hapa hapa, na hadi leo unaota wenyewe chini ya miti mirefu katika misitu ya Kibale, Itwara, Budongo na Mabira, kuanzia Zoka upande wa kaskazini hadi Malabigambo karibu na mpaka wa Tanzania. Wataalamu wa mimea waliuandika kwa jina la Coffea canephora mwaka 1897, lakini muda mrefu kabla ya hapo Waganda, watu wa visiwa vya Ssese na majirani zao Wahaya wa Bukoba walikuwa wakiutunza kando ya nyumba zao, wakichuma matunda yake, wakiyachemsha na kuyatafuna. Hata arabika, aina nyingine ya kahawa inayosifiwa sana kwa harufu yake, ilizaliwa kutokana na mchanganyiko wa asili kati ya robusta na kichaka kingine kiitwacho Coffea eugenioides, ambacho nacho kinapatikana katika misitu ya Uganda.

Naanza na asili hii kwa sababu ndiyo inayoongoza kazi yote. Mbuni wa robusta ni kichaka cha tabaka la chini la msitu: umezoea jua linalochujwa na majani ya miti mikubwa, udongo uliofunikwa na majani makavu mwaka mzima, unyevu usiokatika ghafla, na majirani wa ukoo tofauti wanaobadilishana nao chavua. Mkulima akiupanda juani peke yake, katika udongo mtupu unaopaliliwa kwa jembe kila mwezi, mmea hautakufa mara moja, lakini utachoka mapema, utashambuliwa na wadudu na utazaa mwaka mmoja na kupumzika mwingine. Maelekezo yafuatayo yanalenga jambo moja, nalo ni kuurudishia mbuni hali ya msituni kadiri inavyowezekana ndani ya shamba.

Matumizi yake

Matumizi yanayojulikana zaidi ni ya biashara. Takriban asilimia 80 ya kahawa inayozalishwa Uganda ni robusta, na nje ya nchi hupendwa kwa kahawa ya unga inayoyeyuka papo hapo na kwa michanganyiko ya espreso, kwa kuwa ina uzito mdomoni na kafeini yake ni karibu maradufu ya ile ya arabika. Kafeini hiyo ni sehemu ya kinga ya mmea dhidi ya wadudu, ingawa, kama tutakavyoona, haiwazuii wote.

Nyumbani, matunda yaliyokomaa lakini ambayo hayajawa mekundu huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha hutolewa kwa mgeni ndani ya kikapu kidogo ili atafune punje chache kabla ya mazungumzo kuanza. Katika Buganda ya zamani tunda la kahawa lilikuwa pia chombo cha undugu wa damu. Wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akaipaka yake damu iliyotoka katika chale ndogo ya tumboni, kisha wakabadilishana na kuzila. Baada ya hapo kumsaliti mwenzako ilikuwa sawa na kumsaliti ndugu wa tumbo moja. Sidhani kuna zao jingine nchini lililopewa heshima ya namna hiyo.

Mbali na punje, maua meupe ya mbuni huwapa nyuki chakula, maganda yanayobaki baada ya kukoboa huwa matandazo mazuri, na mashina yanayokatwa wakati wa kufufua shamba ni kuni ngumu zinazowaka polepole.

Kuchagua mahali

Robusta hustawi Uganda katika mwinuko wa kati ya mita 900 na 1,500 kutoka usawa wa bahari. Eneo hilo linachukua sehemu kubwa ya Buganda, Busoga, Bunyoro na maeneo ya chini ya magharibi. Wenye mashamba ya juu zaidi, kama miteremko ya Elgon na Rwenzori, wafikirie arabika. Mvua inayohitajika ni kuanzia milimita 1,200 hivi kwa mwaka, iliyogawanyika vizuri. Kabla ya kununua ardhi au kuanza kazi, chimba shimo la kina cha mita moja uangalie mwenyewe: ukikuta mwamba, changarawe ngumu au maji yanayotuama, hapo siyo mahali pa kahawa, hata kama nyasi za juu zinapendeza. Mizizi ya mbuni inahitaji hewa, na shamba la pembezoni mwa kinamasi huvutia macho wakati wa kiangazi lakini huozesha mizizi wakati wa masika.

Kuna jambo jingine ambalo miaka ya nyuma halikuwa na uzito huu. Usikate msitu ili upande kahawa. Zaidi ya hasara inayoeleweka, Umoja wa Ulaya, ambao ni mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda, umetunga sheria inayokataa kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na inataka mahali halisi pa kila shamba pajulikane. Vilevile usiingie katika hifadhi kama Kibale kung'oa miche ya mwituni ukidhani unapata mbegu bora. Ni kosa kisheria, na miche hiyo haijapimwa kwa ugonjwa wala kwa mavuno. Mibuni ya mwituni ni hazina ya watafiti wanaotafuta aina zitakazohimili magonjwa na ukame wa kesho, na hazina hiyo hulindwa pale ilipo.

Kupata miche, na kwa nini isiwe ya aina moja

Hapa ndipo wengi huharibu shamba kabla halijaanza. Mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa, unaoletwa na kuvu aitwaye Fusarium xylarioides, uliripotiwa Uganda, na katika miaka iliyofuata uliua karibu nusu ya mibuni ya robusta nchini. Familia zilizokuwa zikilipa karo kwa kahawa zilibaki na visiki vikavu. Taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Kituza, wilaya ya Mukono, ilichagua mibuni michache iliyobaki hai mahali ambapo mingine yote ilikufa, ikaizalisha na kuijaribu, na matokeo yake ni aina kumi zinazojulikana kwa majina ya KR1 hadi KR10. Hizo ndizo za kutafuta. Muulize mwenye kitalu aina anazouza na mahali alikopata vikonyo vyake, na ukiona anasitasita, tafuta kitalu kingine kilichosajiliwa.

Miche ya KR huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi laini vilivyokatwa kutoka kwa mmea mama na kuoteshwa mizizi, kwa hiyo kila mche wa KR3, kwa mfano, ni nakala kamili ya mama yake. Miche inayotokana na mbegu haina uhakika huo. Mbuni mzuri wa jirani unaweza kuzaa watoto wasiofanana naye kabisa, na ukinzani dhidi ya mnyauko hauwezi kutegemewa kurithiwa.

Sasa zingatia jambo hili kwa makini. Tofauti na arabika, robusta haijirutubishi. Chavua ya mbuni mmoja haiwezi kutunga tunda kwenye mbuni uleule, wala kwenye mwingine uliotokana na kikonyo cha mama yuleyule, kwa sababu kimaumbile hao ni mmea mmoja. Ukijaza ekari nzima KR ya aina moja peke yake kwa sababu umesikia ndiyo inayozaa sana, utaona maua meupe yakifunika shamba na kunukia hadi barabarani, kisha matawi yatabaki na matunda machache ya kusikitisha. Chukua aina tano au zaidi, na uzipange kwa mistari inayopishana, mstari wa aina hii ukifuatwa na mstari wa aina ile, ili upepo na nyuki wapate chavua ngeni kila upande. Andika mahali ulipopanda kila aina, maana miaka mitatu baadaye hutakumbuka, na utahitaji kujua ni ipi iliyokupendeza kwenye udongo wako.

Mche mzuri wa kupanda una umri wa kati ya miezi 6 na 9, jozi nne hadi sita za majani ya kijani kibichi, na shina lililonyooka. Pasua kiriba, yaani mfuko wa udongo, cha mche mmoja kabla ya kulipia vyote, uitazame mizizi: iwe myeupe, mingi, iliyosambaa. Ukikuta mzizi umejikunja chini kama ndoana, mche huo umekaa kitalu muda mrefu mno na hautakuja kushika vizuri ardhini.

Anayetaka kuzalisha miche yake mwenyewe aanze na shamba dogo la mimea mama iliyopatikana kihalali, achukue machipukizi yanayosimama wima, siyo matawi ya pembeni, ayakate vipande vyenye pingili moja na jozi moja ya majani yaliyopunguzwa nusu, na kuvichomeka kwenye viriba vya udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga. Kisha avifunike kwa karatasi ya nailoni isiyopitisha hewa chini ya banda lenye kivuli. Unyevu usitoke. Ni kazi ya uangalizi wa kila siku, na kwa anayepanda ekari moja tu naona ni nafuu zaidi kununua.

Mashimo na upandaji

Chimba mashimo miezi miwili au mitatu kabla ya mvua. Nafasi ya kawaida ni mita 3 kwa mita 3, ambayo hutoa mashimo karibu 450 kwa ekari, na kila shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60. Wakati wa kuchimba, weka udongo wa juu mweusi upande mmoja na ule wa chini mwekundu upande mwingine. Baadaye changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, urudishe shimoni, na uache mchanganyiko utulie hadi mvua zianze. Samadi mbichi huunguza mizizi, kwa hiyo usiikimbilie. Weka kijiti katikati ya kila shimo lililojazwa ili siku ya kupanda usibahatishe.

Panda mvua zikishakolea, Machi hadi Aprili au Septemba hadi Oktoba kwa maeneo ya kati, na uchague siku ya mawingu au saa za jioni. Chana kiriba, usiuvunje udongo unaoshika mizizi, na usizike shina zaidi ya pale lilipokuwa kitaluni. Shindilia kwa mikono, siyo kwa miguu. Papo hapo jenga kivuli kidogo cha majani ya migomba au matawi yenye majani upande linakopiga jua la mchana, na usikiondoe kwa haraka. Mche uliotoka chini ya banda la kitalu ukipigwa na jua kali wiki ya kwanza hubabuka majani na kurudi nyuma miezi.

Kivuli na majirani

Migomba ni jirani wa asili wa kahawa katika Buganda, na wazee waliozichanganya hawakukosea: mgomba hutoa kivuli mapema, majani na magogo yake hurudi ardhini kama matandazo, na matoke huingiza fedha na chakula katika miaka ambayo kahawa bado haijazaa. Panda mstari wa migomba baada ya kila mistari miwili ya kahawa na uihudumie kwa samadi, maana mgomba ni mlaji mkubwa wa rutuba na ukiuacha ukarundikana vichipukizi utaishinda kahawa. Mwaka wa kwanza na wa pili unaweza kupanda maharage katikati ya mistari. Usipande mahindi karibu na miche wala mihogo, kwani hunyang'anya maji na mwanga.

Kwa kivuli cha kudumu, miti kama 20 kwa ekari inatosha, ikiachana mita 14 hivi. Mutuba (Ficus natalensis) na mugavu (Albizia coriaria) ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa kuwa majani yake hupitisha mwanga wa kutosha na kuanguka kwa wingi. Mutuba unaongeza neema nyingine, kwani gamba lake ndilo linalopondwa kutengeneza lubugo, kitambaa cha Waganda ambacho UNESCO ilikitambua kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Upandwe kwa kuchomeka kigogo ardhini wakati wa mvua na utashika. Epuka Albizia chinensis, ingawa inakua upesi, na usiweke miparachichi wala kakao katikati ya kahawa, kwa sababu yote hiyo humhifadhi mdudu mtoboa vitawi nitakayemweleza. Kivuli kikizidi, mibuni hurefuka ikitafuta mwanga na kuzaa kidogo. Ukisimama shambani saa sita mchana, ardhi ionekane imechanganyika madoa ya jua na kivuli, jua likishinda kidogo.

Matandazo na palizi

Kama ningeruhusiwa kumshauri mkulima jambo moja tu baada ya aina ya miche, ningesema afunike udongo. Tumia nyasi kavu, mabua, majani ya migomba au maganda ya kahawa, tabaka la unene wa sentimita 10 au zaidi, likiachwa nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili mchwa na uozo visilifikie. Mizizi inayolisha mbuni iko karibu sana na uso wa ardhi, na kila jembe linapopita huikata. Jeraha hilo ndilo mlango wa mnyauko. Palilia kwa mkono karibu na shina, na kati ya mistari fyeka badala ya kulima. Maganda unayoyanunua kiwandani yasitoke kwenye mashamba yenye mnyauko, kwa sababu yanaweza kubeba kuvu hadi kwako.

Kulea mashina

Mbuni ulioachwa peke yake hukua shina moja refu lisilofikika. Mche ukishashika, kati ya mwezi wa sita na wa tisa baada ya kupandwa, uinamishe taratibu na uufunge kwa kamba kwenye kigingi kifupi. Machipukizi mengi yatatokea kwenye shina lililolala, nawe utachagua matatu au manne yenye nguvu, yaliyoachana vizuri na yaliyo karibu na ardhi, uyang'oe mengine yote yakiwa bado laini. Kazi ya kuondoa machipukizi haiishi. Ukipita shambani kila mwezi ni kazi ya kucha na kidole gumba, ukichelewa nusu mwaka itakuwa kazi ya panga.

Matunda hutokea kwenye sehemu mpya ya tawi, na tawi lililozaa halirudii kuzaa pale pale. Ndiyo maana baada ya miaka saba au minane mavuno husogea juu na nje, na shina kubaki uchi. Hapo shamba linahitaji kufufuliwa. Wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, kata mashina kwa msumeno mkali sentimita 30 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari ili maji yateleze. Acha shina moja litoe chakula kwa mizizi mpaka machipukizi mapya yashike, kisha uliondoe. Fanya theluthi ya shamba kwa mwaka ili nyumba isikose kipato. Najua inavyouma kukata mbuni uliomsomesha mtoto, na wapo wanaoahirisha mwaka hadi mwaka kwa sababu hiyo, lakini mti uliokatwa vizuri huzaa tena baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati ule uliohurumiwa hupungua kila msimu.

Magonjwa na wadudu wa kuwajua kwa sura

Dalili ya kwanza ya mnyauko mara nyingi ni majani ya upande mmoja wa mbuni kuwa ya manjano na kulegea, mengine yakiwa bado mazuri. Usingoje. Chukua kisu, kwangua gamba la shina karibu na ardhi: shina zima likiwa na afya huonyesha weupe wa maziwa, na lenye mnyauko huonyesha mistari ya bluu iliyokoza kuelekea nyeusi. Ukiiona mistari hiyo hakuna dawa. Ng'oa mbuni huo na mizizi yake, uuchome pale pale uliposimama bila kuuburuta katikati ya shamba, wala usiwape majirani kuni hizo. Panga, jembe na msumeno viunguzwe kwa moto au kuoshwa kwa dawa ya klorini kabla ya kugusa mbuni mwingine. Shimo hilo lipumzishwe, na litakapopandwa tena, lipandwe KR.

Adui wa pili ni mtoboa vitawi mweusi, mdudu mdogo kuliko punje ya mtama. Utakachoona kwanza ni kitawi kimoja kikavu, majani ya kahawia yakining'inia bado, kati ya vitawi vya kijani. Kigeuze na utazame upande wa chini. Utakuta tundu moja la ukubwa wa ncha ya pini, pengine lenye unga kidogo. Anayetoboa ni jike pekee. Ndani hali mti, bali hupanda kuvu ambaye yeye na watoto wake hula, na kuvu huyo ndiye anayeziba njia za maji hadi kitawi kikakauka. Kwa kuwa yuko ndani, kumnyunyizia dawa kwa nje ni kupoteza fedha. Kata kitawi sentimita chache chini ya tundu, kuelekea shina, ukusanye ndani ya gunia, na uchome siku hiyo hiyo. Vitawi vilivyokatwa na kuachwa chini hutoa kizazi kizima cha wadudu. Kazi hii ikifanywa na mkulima mmoja huku jirani akilala, faida yake ni ndogo, kwa hiyo kubalianeni kijiji kizima kuhusu siku ya kupita mashambani.

Bungua wa matunda hutoboa tunda kwenye kitovu chake na kula punje. Dawa yake ni kuchuma matunda yote, pamoja na yaliyoanguka na yaliyokaukia mtini mwisho wa msimu, asipate pa kuishi hadi msimu ujao. Wako pia sisimizi wadogo wakali ambao Buganda huitwa kaasa, wanaojenga kwenye majani na kuwauma wachumaji. Hawaharibu kahawa yenyewe, na kupogoa matawi yaliyosongamana huwapunguza.

Kuchuma na kukausha

Baada ya kiangazi, mvua ya kwanza nzuri huamsha maua, na matunda huiva miezi 9 hadi 11 baadaye. Miche ya vikonyo huanza kuzaa ikiwa na miezi 18 hadi 24. Upande wa Masaka msimu mkubwa ni Mei hadi Agosti, na upande wa Mukono na Luweero ni kuanzia Oktoba au Novemba hadi Februari, ingawa hali ya hewa ya siku hizi imevuruga kalenda hiyo.

Chuma yaliyo mekundu tu, moja moja. Kukwangua tawi zima kwa mkono hushusha mabichi, maua na macho ya msimu ujao. Mchumaji anayelipwa kwa debe atakwangua ukimwachia, kwa hiyo mlipe zaidi kidogo kwa debe la mekundu na umweleze sababu. Yatumbukize matunda kwenye maji, uyaondoe yanayoelea, kisha uyaanike siku hiyo hiyo. Chanja cha waya au cha matete kilichoinuliwa hadi usawa wa kiuno ndicho bora, na turubai hufuata. Udongo mtupu haufai kabisa: kahawa hunyonya harufu ya ardhi, huchanganyika na mawe na kinyesi cha kuku, na hupata ukungu unaozalisha sumu ya okratoksini, ambayo wanunuzi hupima.

Tandaza tabaka lisilozidi vidole viwili, geuza mara kadhaa kwa siku, funika jioni na mvua inapokaribia. Baada ya wiki mbili au tatu za jua, tikisa konzi ya matunda karibu na sikio. Punje zikicheza ndani ya ganda kwa sauti kavu, umekaribia, lakini thibitisha kwa kipima unyevu, ambacho vyama vingi vya wakulima vinacho. Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 12 hadi 13. Kahawa hii kavu yenye ganda ndiyo sokoni huitwa kiboko, na ikikobolewa hutoa takriban nusu ya uzito wake. Kwa hesabu ya jumla, kilo 5 za matunda mabichi hutoa kilo 1 ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa. Ihifadhi katika magunia ya katani, juu ya mbao, mbali na ukuta, mafuta ya taa na sabuni.

Kuuza

Usiuze maua. Kila msimu wachuuzi hupita vijijini wakati mibuni imechanua, karo imekaribia na mfuko ni mtupu, wakinunua mavuno ambayo hayajakuwepo kwa sehemu ndogo ya bei yake. Mkulima aliyefanya kazi yote niliyoieleza huishia kuwa kibarua katika shamba lake mwenyewe. Jiunge na chama cha akiba na mikopo mapema, ukope kwa riba inayojulikana, na uuze kahawa yako ikiwa kavu, kwa pamoja na wenzako, baada ya kuuliza bei kwa zaidi ya mnunuzi mmoja. Ukiweza, ikoboe kabla ya kuuza, maana anayenunua kiboko hukadiria kwa jicho ubora wa kitu asichokiona na daima hukadiria kwa faida yake.

Tangu mwisho wa mwaka 2024 kazi za mamlaka ya kahawa zimehamishiwa Wizara ya Kilimo, kwa hiyo kwa usajili wa shamba, orodha ya vitalu vilivyoidhinishwa na ushauri wa magonjwa, muone afisa kilimo wa gombolola (kata) yako. Nenda kwake mwezi mmoja au zaidi kabla ya mvua, ukiwa na idadi ya mashimo uliyochimba, kwa sababu miche ya KR huisha vitaluni mapema na anayechelewa hubaki kuuziwa ya barabarani.